Unsinn: Kocha wa mji mdogo aliyeipa Ujerumani medali

MJI wa Füssen, Bavaria, uko karibu na mpaka wa Ujerumani na Austria kama Ngara ilivyo jirani na Rwanda na Burundi, na wakazi wake hawafiki 20,000. Hata hivyo, klabu yake ya mpira wa magongo wa barafuni, EV Füssen, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilitwaa ubingwa wa nchi mara 16 kati ya mwaka 1949 na 1973.

Huko ndiko alikozaliwa Xaver Unsinn, Novemba 29, 1929. Alitwaa mataji kadhaa akiwa mchezaji wa klabu hiyo, kisha akageukia ukocha.

Februari 1976, katika Olimpiki ya Innsbruck, aliiongoza Ujerumani Magharibi kuilaza Marekani mabao 4-1. Wachezaji wake walitoka uwanjani wakiwa wanyonge, wakiamini wamekosa medali. Timu tatu zilikuwa zimelingana kwa pointi, ikabidi mabao ya kufunga yagawanywe kwa ya kufungwa katika mechi baina yao. Ujerumani ilikuwa na 7 kwa 6, Finland 9 kwa 8. Tofauti hiyo ndogo iliwapa shaba.

Nyumbani, ukata uliiondoa Füssen katika ligi kuu mwaka 1983.

Unsinn alifariki dunia Januari 4, 2012. Miaka mitatu baadaye klabu iliyomlea ilifilisika, ikaanza upya madaraja ya chini. Wapenzi wa soka nchini wanaikumbuka hali kama hiyo kwa Tukuyu Stars ya Rungwe, bingwa wa mwaka 1986 iliyofifia baadaye.