Apa Pant, mutoto wa mfalme aliyesimama na Waafrika

Ukitaja yoga mbele ya wachimbaji wa Butembo ao Beni, wengi watacheka: ni mambo ya matajiri wa Ulaya, watu wasiochoka. Lakini mutu mumoja wa yoga alifanya kazi karibu na sisi, kule Nairobi, na Wazungu wa koloni hawakumupenda hata kidogo. Jina lake Apa Pant.

Alizaliwa mwaka 1912 Aundh, ufalme mudogo wa magharibi ya India. Baba yake, raja Bhawanrao Pant, alipenda sana zoezi moja, Surya Namaskar, maana yake Salamu kwa Jua. Aliandika kitabu juu yake na akaliingiza katika shule za ufalme wake. Katika miaka ya 1930 hata magazeti ya Uingereza yaliliandika.

Yoga yenyewe ni ya zamani sana kuliko raja huyo. Neno linatoka katika Kisanskriti, na maana yake ni kuunganisha, sawa vile nira inaunganisha ngombe wawili: mwili, pumzi na akili vivute pamoja. Ilizaliwa ndani ya dini za India, hatufiche. Lakini kunyoosha mugongo na kuvuta pumzi hakuulize mutu anasali wapi.

Apa alisoma Oxford, akasomea sheria London, akarudi nyumbani mwaka 1937. Mwaka 1939 baba yake, kwa mashauri ya Gandhi, alikubali kuachia wanakijiji mamlaka ya ufalme. Apa alisukuma kazi hiyo, na mwaka 1944 akawa waziri mukuu wa Aundh. Wafalme wanaoachia kiti bila vita si wengi.

India ilipopata uhuru, Nehru alimutuma Nairobi mwaka 1948 kama mujumbe wa kwanza wa India huru katika Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Kazi yake iligusa hata Congo Belge. Wengi walizania atashugulikia tu biashara za Wahindi wenzake. Yeye aliwaambia Wahindi kwamba nchi ni ya Waafrika, waungane nao. Alifanya urafiki na Jomo Kenyatta na Mbiyu Koinange, na akasaidia vijana Waafrika kupata burse za kusoma India. Kisha Kenyatta akakamatwa, Oktoba 1952. Serikali ya koloni ilimulalamikia Apa mpaka Delhi, na mwaka 1954 akaondolewa Nairobi.

Baadaye alitumika Sikkim, Indonesia, Norvege, Misri, Uingereza na Italia. Popote alipokwenda, zoezi la baba yake halikumutoka. Mwaka 1970 alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya Surya Namaskar. Alikufa mwaka 1992.

Sasa, sisi wa shimo tunapata nini? Zoezi halitake pesa wala chombo. Unasimama wima, viganja pamoja kifuani. Unainua mikono ukivuta pumzi. Unainama mikono iguse chini ukitoa pumzi. Unarudisha mguu mumoja nyuma, kisha wa pili, mwili unakaa sawa ubao. Unashuka chini, unainua kifua, unasukuma matako juu, unarudisha miguu mbele, unasimama. Mutu aliyeshinda amejikunja ndani ya shimo na nyundo, ao aliyebeba mifuko ya muchanga, anafungua mugongo na kifua. Waganga leo wanahesabu yoga kati ya mazoezi yanayosaidia mugongo unaouma siku nyingi. Pumzi ya polepole inatuliza pia roho, na hapa kwetu, pamoja na vita, nani hana woga?

Anza polepole. Kama mguu unakufa ganzi, ao unakohoa damu, acha zoezi, nenda kwa munganga.

Na tusikie vizuri: yoga haitoe vumbi ndani ya mapafu, haizuie shimo kuanguka. Bosi akikuletea mazoezi pahali pa maski, miti ya kushikilia shimo na mushahara, mukatalie. Apa Pant alisalimia jua, lakini hakuacha kudai haki ya watu. Wandugu, tufanye yote mawili.