Mallory na theluji iliyoangamiza wapagazi saba

George Mallory alizaliwa nchini Uingereza mnamo Juni 18, 1886, akawa mwalimu kabla ya kuvuma kwa jitihada zake za kuukwea Mlima Everest.

Mnamo Juni 7, 1922, aliongoza msafara kwenye mteremko uliofunikwa na theluji mpya iliyoanguka siku chache awali. Theluji hiyo, iliyokuwa haijashikamana na ya chini yake, ilikatika na kuporomoka. Mallory aliponea chupuchupu, ila wapagazi saba waliobeba mizigo waliangamia. Alijilaumu kwa vifo hivyo.

Hata hivyo, alirejea. Juni 8, 1924, alitoweka karibu na kilele pamoja na Andrew Irvine. Mwili wake ulipatikana Mei 1, 1999.