Lavoisier na Maji Yaliyochemshwa Siku 101

Antoine Laurent Lavoisier alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Alihitimu masomo ya sheria kama babake, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mnamo 1768 alipokelewa katika Akademia ya Sayansi. Mwaka uo huo alinunua hisa katika kampuni ya matajiri waliokusanya kodi kwa niaba ya mfalme. Faida ya kodi ilimpatia mizani bora. Kodi iyo hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Enzi hizo wasomi wengi waliamini kuwa maji yakichemshwa mno hugeuka udongo, kwani chombo kikikauka hubaki na vumbi. Lavoisier alitia maji safi katika chombo cha kioo kilichozibwa, ambamo mvuke ulipanda, ukapoa na kurudi kuwa maji. Aliyachemsha kwa siku 101, kuanzia Oktoba 1768 hadi Februari 1769. Uzito wa jumla haukubadilika. Vumbi lilionekana, ila chombo chenyewe kilikuwa kimepungua kwa kiasi kilichokaribiana na uzito wa vumbi hilo. Udongo ulitoka katika kioo. Maji yalibaki maji. Hilo ndilo badiliko la kifizikia: hali hubadilika, kiini kisibadilike.

Kuungua kulikuwa na siri nyingine. Nadharia ya flojistoni ilidai kuwa kitu kinachoungua hupoteza sehemu yake. Mnamo 1772 Lavoisier alitambua kuwa salfa na fosforasi zikiungua huongezeka uzito. Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley, akiwa Paris, alimsimulia kuhusu hewa aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Lavoisier alirudia jaribio hilo na hatimaye akang'amua kuwa hewa hiyo ndiyo huungana na kitu kinachoungua. Alipotangaza matokeo yake mwaka wa 1775 hakumtaja Priestley, na doa hilo halijamtoka hadi leo.

Februari 1785, mbele ya wanasayansi wenzake, aliyarudia maji. Safari hii alipitisha mvuke katika mtutu wa bunduki uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu. Sehemu moja ya maji iliungana na chuma, nyingine ikatoka ikiwa hewa inayowaka. Maji yaliyostahimili siku 101 za kuchemka sasa hayakuwa maji tena. Hilo ni badiliko la kikemia: kiini chenyewe huvunjwa na vitu vipya huzaliwa, wala uzito haupotei.

Lavoisier aliona kuwa elimu mpya haiwezi kusimama juu ya majina ya kale. Mnamo 1787, pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy, alichapisha utaratibu wa istilahi ambamo jina hueleza kitu kimeundwa na nini. Haidrojeni ni mzaa maji. Oksijeni ni mzaa asidi, ingawa baadaye ilithibitika kuwa si kila asidi ina oksijeni. Mkewe, Marie-Anne Paulze, alimtafsiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vielelezo vya kitabu chake cha 1789.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakuwasamehe watoza kodi. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alihukumiwa na kukatwa kichwa siku iyo hiyo, pamoja na baba mkwe wake. Marie-Anne alikusanya makala za mumewe na kuzichapisha. Istilahi zao zilivuka mipaka ya Kifaransa, zikaingia hata katika Kiswahili.