Shetani Alimpitia, au Alikaribishwa?



Kila mwaka bonasi ya chai inapolipwa, katika mashamba ya juu ya Kericho na Bomet, hazikosekani nyumba ambazo furaha hugeuka kilio. Bwana huenda mjini kuchukua pesa, akarudi siku ya tatu mifuko ikiwa mitupu. Akiulizwa, hujibu kwamba shetani alimpitia. Mabibi nao hulitumia jibu hilo hilo, pale akiba ya karo inapotoweka kwa siri, au ulimi unapomchoma mama mkwe mbele ya wageni.

Kanisa linafundisha kwamba shetani yupo na kwamba hutushawishi. Linafundisha pia kwamba Mungu alimpa kila mtu utashi huru, na kwamba kishawishi hakiwi dhambi mpaka mtu mwenyewe akubali. Ili tuielewe tofauti hiyo, tumtazame mtu ambaye jina lake twalisikia kila tarehe 3 Juni, ila twalipita haraka ili tufike kwa Wafiadini wa Uganda. Mtu huyo ni Kabaka Mwanga.

Mwanga alirithi kiti cha baba yake, Mutesa, mwaka 1884, akiwa bado hajafikisha miaka 20. Hofu zilimzunguka, na hazikuwa za kubuni. Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi upande wa pwani, na watu wake waliamini tangu zamani kwamba atakayeiteka Buganda atatokea mashariki, kupitia Busoga. Mwaka 1885 askofu Mwanglikana, James Hannington, alipita katika nchi ambayo leo ni Kenya akafika Busoga kwa njia hiyo hiyo. Mwanga akaagiza auawe, naye akauawa tarehe 29 Oktoba.

Katika jumba la mfalme alikuwako Mkatoliki mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana watumishi. Yeye alithubutu kumwambia mfalme kwamba amekosa kumwua mgeni bila hata kumsikiliza. Tena aliwakinga vijana wale na tamaa za aibu za bwana wao. Siku chache baadaye Mwanga alipewa dawa na Padre Lourdel, ikamsumbua usiku. Akadai kwamba Yosefu na padre walitaka kumwua. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa moto.

Kabla ya kufa, Yosefu alimtuma mnyongaji apeleke ujumbe kwa Mwanga. Alimwarifu mfalme kwamba amemhukumu bila haki, kwamba yeye Yosefu anamsamehe kwa moyo wote, na kwamba asipotubu atakutana naye mbele ya hukumu ya Mungu. Masimulizi yaliyohifadhiwa na Wakristu wa Buganda yasema kwamba Mwanga aliposikia aliingiwa na hofu. Akaamuru mtu mwingine auawe, na majivu yake yachanganywe na ya Yosefu, ili huko mbinguni isijulikane ni nani anayemshtaki.

Wapendwa, hebu tuyatazame majivu hayo. Mwanga hakukosa kisingizio: hofu ya wageni, washauri wabaya, dawa chungu. Kila kimoja kilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Lakini amri ilitoka kinywani mwake. Nasi tunaposema shetani alitupitia, twachanganya majivu yetu na ya mwingine, tukitumaini Mungu hataweza kuyatenga. Adamu alimsingizia mkewe, Hawa akamsingizia nyoka. Mungu alimlaani nyoka, hata hivyo Adamu na Hawa kila mmoja alipewa fungu lake.

Dhambi isiyokubaliwa huzaa nyingine. Mwaka 1886 moto wa Namugongo uliwaka, na Wakatoliki 22 waliouawa katika dhuluma hiyo walitangazwa watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Mwaka 1888 Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa. Waliompa hifadhi huko Bukumbi, karibu na Mwanza, ni Mapadre Weupe, ambao waumini wao aliwachoma. Na kati ya waliopigana ili arudishiwe kiti alikuwa Honorati Nyonyintono, Mkatoliki ambaye mfalme huyo alikuwa ameamuru ahasiwe. Honorati alifia vitani mwaka 1889. Msamaha wa namna hiyo hauitwi udhaifu.

Mwanga alirudi kitini, akawaasi Waingereza mwaka 1897, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko alibatizwa kwa jina la Danieli, akafariki mwaka 1903. Anayebatizwa akiwa mtu mzima huulizwa kama anamkataa shetani, naye hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Anayeweza kumkataa shetani hawezi kudai kwamba hubebwa naye bila hiari.

Je, hayo yanatuhusu vipi sisi wenye ndoa? Mke hawezi kumsamehe shetani. Aweza kumsamehe mumewe. Bwana akisema ni shetani aliyekunywa bonasi, amemnyima mkewe mtu wa kumsamehe, na mwakani atakwenda mjini vile vile. Akisema ni yeye, hapo pana mahali pa kuanzia. Ndiyo maana kwenye Misa twajipiga kifua wenyewe, hatupigi kifua cha jirani.

Naye anayesamehe amfuate Yosefu: alisamehe bila kuficha ukweli. Kama kosa ni kipigo, na kila mara lasingiziwa pombe au pepo, mama asinyamaze. Ajiweke mahali salama pamoja na watoto, amweleze padre, awaeleze na wazee wa kokwet. Kusamehe hakumlazimu mtu kungojea kipigo kingine.

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, jadilianeni maswali haya:

1. Ni kosa gani nyumbani mwetu ambalo kila mara twamtwika shetani, pombe, marafiki au ukoo wa mwenzetu?

2. Kabla ya kosa hilo, ni mlango gani ninaoufungua mimi mwenyewe?

3. Bonasi ijayo ikilipwa, je, twaweza kwenda kuichukua sote wawili?

Kisha kila mmoja amwombe mwenzake radhi akilitaja kosa lake kwa jina, na Jumamosi mwende pamoja kwenye Kitubio.