Nikolai Vavilov na siri ya miti isiyougua

Miti miwili ya tufaha inaweza kusimama jirani, mmoja umejaa madoa ya kuvu, mwingine msafi kabisa. Udongo ni uleule, mvua ni ileile. Kwa nini? Leo tunawaletea maisha ya Nikolai Vavilov, Mrusi aliyelifuatilia swali la namna hiyo hadi likamgharimu uhai.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kusoma sayansi ya urithi kwa William Bateson. Mwaka 1919 alitoa kitabu kuhusu kinga ya mimea. Humo alieleza kwamba mmea hurithi kinga yake kutoka kwa wazazi wake. Urithi huo huchangia kuamua ni kuvu gani ataishi juu yake na yupi atashindwa.

Aliamini kinga itafutwe kule zao lilikoanzia, kwa sababu huko aina ni nyingi. Akazunguka mabara matano akikusanya mbegu, na hapa Afrika alifika Ethiopia. Mwaka 1929 alifika Alma-Ata, Kazakhstan, akakuta misitu ya matufaha pori. Matunda yalitofautiana mti kwa mti: makubwa na madogo, matamu na machungu. Akatambua kwamba huko ndiko lilikoanzia tufaha. Miaka mingi baadaye, vipimo vya vinasaba vilithibitisha hivyo. Wanasayansi wamepata pia katika matufaha pori hayo miti inayostahimili ugonjwa wa madoa.

Lakini Urusi ya Stalin ilimsikiliza Trofim Lysenko, aliyeipinga sayansi ya vinasaba. Vavilov alikamatwa mwaka 1940. Alifia gerezani Saratov Januari 1943, amedhoofishwa na njaa. Mji wa Leningrad nao ulikuwa umezingirwa vitani. Baadhi ya wafanyakazi wa taasisi aliyoiongoza walikufa kwa njaa huku wakilinda ghala la mbegu alizokusanya. Hawakuzila.

Kazi yake inatuhusu sisi wakulima. Miembe au miparachichi iliyobebeshwa vikonyo vya mti mmoja huzaa matunda yanayofanana, na hilo sokoni ni zuri. Lakini sehemu hiyo ya juu ina kinga moja na udhaifu mmoja. Ugonjwa ukiuweza mti mmoja, unaweza kuiweza yote. Kabla ya kukata mwembe wa zamani uliojiotea wenyewe, tuangalie kwanza majani yake. Huenda una kinga ambayo miti yetu mipya haina.