Mama wa Kobalti

Kwetu Ngara ukitaja Kabanga, watu wanawaza nikeli na ajira. Mimi namuwaza Chien-Shiung Wu, maana mwamba ule una kobalti pia.

Alizaliwa China mwaka 1912. Baba yake alifungua shule ya wasichana, naye akasoma hapo. Mwaka 1936 akapanda meli kwenda Marekani; wazazi wake hakuwaona tena.

Enzi hizo wanafizikia waliamini maumbile hayabagui kushoto na kulia. Mwaka 1956 Lee na Yang wakatilia shaka, lakini shaka tupu haitoshi, lazima upime. Wu akaipoza kobalti-60 hadi karibu na sifuri kabisa, akavielekeza viini vyake upande mmoja kwa sumaku. Kobalti hiyo ikigeuka kuwa nikeli hutoa elektroni, na nyingi zaidi zilitokea upande mmoja. Basi, imani ikavunjika.

Nobeli ya 1957 wakapewa Lee na Yang. Wu, aliyepima, hakupewa. Akaendelea kufundisha Columbia, akafariki 1997.

Wengine wakajipa moyo: geuza kushoto kuwa kulia, badili na maada iwe antimaada, usawa utarudi. Mwaka 1964 Cronin na Fitch wakaonyesha kwa chembe za kaoni kwamba hata huo unavunjika kidogo. Bila uvunjifu wa aina hiyo, maada na antimaada zingemalizana, nasi tusingekuwepo.

Dada zangu wa fizikia kutoka Ngara na Biharamulo, nendeni maktaba mkamsome huyu mama.