Maisha ya Malimu Ahmad bin Majid, Mjuzi wa Nyota na Bahari

Katika darasa letu la hapa Kangari tuliulizwa na kijana mmoja kama elimu ya falaki ni haramu, kwani jirani yake aliyepotelewa na ng'ombe alikwenda kupigiwa falaki, akatoa pesa zake, na ng'ombe hakuonekana. Swali ni zuri. Neno hili moja limebebeshwa mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: elimu ya mwendo wa nyota, na uwongo wa wapiga ramli. Basi tumeona tueleze, kwa ufupi, maisha ya mtu aliyeishika falaki ya kweli, na ambaye aliijua pwani yetu bandari kwa bandari.

Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, katika nchi iitwayo leo Ras al-Khaimah, kiasi cha nusu ya kwanza ya karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa Bahari ya Shamu, na baba alitunga shairi refu sana la kueleza njia za bahari hiyo. Zama hizo rubani aliitwa muallim, na kutoka neno hilo hilo sisi tumepata mwalimu. Mwaka 1462 Ahmad alitunga Hawiya, shairi la misingi ya elimu ya bahari, na kiasi cha mwaka 1490 akakamilisha kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawaid. Ameacha pia shairi la safari ya Sofala, ambamo ameeleza njia ya pwani yetu, na Malindi, Mombasa na Kilwa zimo.

Unyenyekevu haukuwa sifa yake kubwa, wala hilo hatulifichi. Walikuwako kabla yake marubani watatu mashuhuri waliosifiwa kuwa simba wa bahari, naye akajihesabu kuwa wa nne wao. Lakini hakuwafuata kwa upofu. Alisema wazi kwamba wao walikusanya maneno ya watu bila ya kuyajaribu wenyewe, na hata kazi ya baba yake mzazi aliisahihisha pale alipoona kosa, huku akimheshimu. Wanaodhani kwamba kumsahihisha mzee aliyetangulia ni kumvunjia adabu na wamtazame mtu huyu.

Sasa tueleze kazi yake. Dira yake ilikuwa na migao 32. Miwili ni ya ncha za kaskazini na kusini, na 30 iliyobaki ni mahali pa kuchomoza na kuchwa kwa nyota 15, miongoni mwao Thurea, ambayo sisi huiita Kilimia. Kaskazini ilikuwa Jaha, na kusini ilikuwa Suheli. Mabaharia wa Kiswahili waliyachukua majina hayo wakayafanya ni majina ya pande zenyewe. Ili kujua umefika wapi, rubani alitumia kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Aliushika uzi kwa meno, akaulinganisha ukingo wa chini wa kibao na upeo wa bahari, na ukingo wa juu na nyota, kisha akahesabu urefu wa nyota kwa vidole, ambavyo duara zima lilikuwa na 224. Kila jahazi likienda kusini, Jaha hushuka, kwa sababu ardhi ni mviringo. Na likipita mstari wa istiwai nyota hiyo huzama, ikabidi zitumiwe nyingine. Ndiyo maana sisi wa Kangari, tulio kusini kidogo ya istiwai, hatuioni. Ibn Majid alijua pia kwamba Jaha haikukaa sawasawa kwenye ncha ya mbingu, bali huizunguka, akafundisha hesabu ya kuondoa tofauti hiyo.

Rubani hashiki njia kwa sayari, maana Zuhura na Mushtarii huhama kila siku kati ya nyota, na nuru yao si yao, ni ya jua. Zaidi ya miaka 100 baada ya Ibn Majid, mwaka 1610, Galileo aliielekeza darubini kwa Mushtarii akaona miezi minne ikiizunguka. Na sayari hizo hizo ndizo wapiga ramli wanazozipa mamlaka juu ya ndoa na biashara za watu! Katika Suratul An'am nyota zimetajwa kuwa uongozi katika giza la nchi kavu na bahari. Ibn Majid alizitumia kwa hilo, na alimtaka rubani awe msafi, mwenye subira na mwenye kumcha Mungu.

Limebaki jambo linalotuudhi. Inasimuliwa mpaka leo kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 mpaka Calicut, ambako Wareno walifika Mei 20, na ya kuwa alifanya hivyo akiwa amelewa. Habari hii imetoka kwa al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka aliyefariki mwaka 1582, ambaye hakuwako wala hakutaja aliyemsimulia. Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza katika miaka ya 1920. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wamesema kwamba rubani yule alikuwa mtu wa Gujerati, na wachunguzi wa baadaye, kama Tibbetts mwaka 1971, wameikataa hadithi hiyo. Kumtuhumu Mwislamu ulevi kwa habari isiyo na mapokezi ni jambo zito, na sisi tumewahi kuisimulia katika darasa hili bila kuichunguza. Tunaomba msamaha kwa waliotusikia.

Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 1500; baada ya hapo hasikiki tena. Mungu amrehemu.

Atakayetaka kuiona Suheli na asimame nje saa tatu za usiku katikati ya Februari, mbingu ikiwa safi, aelekee kusini. Karibu na utosi ataiona Shiira, nyota ing'aayo kuliko zote. Chini yake, upande wa kusini, ni Suheli, ya pili kwa mng'ao. Nuru atakayoiona imetoka huko kiasi cha miaka 300 iliyopita.